Makala thelathini na saba na wiki nne za wodini: namna nafasi za upasuaji wa ubongo zinavyogombaniwa Marekani

Walimu wetu mlioketi mbele, shikamooni. Madaktari wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokosa viti mkakaa kwenye ngazi, habari za jioni.

Nimepewa kazi ya kueleza jinsi wanafunzi wa udaktari wanavyogombania mafunzo ya ubingwa wa upasuaji wa ubongo nchini Marekani. Baadhi yenu mnasomea huko huko. Wengine mko Dar es Salaam, Nairobi, Kampala au Bujumbura na mnapiga hesabu ya kuvuka bahari. Nitaanza na mfumo wa Marekani wenyewe, kisha nije kwa wanaotoka nje. Nina neno moja kubwa la kuwaambia, na nitalisema mapema msije mkasinzia kabla sijalifikia: vijana wanakesha wakihesabu makala, lakini anayepangiwa nafasi ya mafunzo na asiyepangiwa hutenganishwa zaidi na wiki nne za wodini na barua tatu au nne zinazotokana nazo.

Mlango ni mwembamba. Programu za upasuaji wa ubongo Marekani, yaani idara za hospitali zinazotoa mafunzo ya ubingwa huo, zimezidi kidogo 110, na nafasi za kuanza mwaka wa kwanza ni kama 240 kwa mwaka. Programu nyingi huchukua watu wawili, nyingine mmoja, kubwa kabisa watatu au wanne. Mafunzo ni miaka 7. Saa za kazi zina kikomo cha 80 kwa wiki, zikipigiwa wastani wa wiki nne, na programu inaweza kuomba ruhusa ya kufika 88. Kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shule za Marekani zenyewe wanaoiweka fani hii mbele, karibu robo hubaki bila nafasi, na iko miaka inayozidi hapo. Hao ni watu waliokuwa wa juu darasani tangu chekechea. Kwa hiyo anayekwambia "soma kwa bidii tu, utapata" hajui anachokisema, hata kama ana nia njema.

Kulikuwa na chujio kubwa la zamani, USMLE Step 1, mtihani wa kwanza wa leseni ya udaktari Marekani. Alama yake ilikuwa namba, na namba ni rahisi kwa mkurugenzi wa programu mwenye mafaili mia tatu mezani: anakata msitari, wa chini anawaweka pembeni, anakwenda nyumbani. Tarehe 26 Januari 2022 mtihani huo ukaanza kutoa majibu mawili tu, umefaulu au umeshindwa. Nia ilikuwa kuwapunguzia wanafunzi mzigo. Mzigo haukupungua, ulihama bega. Sehemu moja ilihamia Step 2 CK, mtihani wa pili wa leseni hiyo, ambao bado unatoa namba, na kwenye fani hii wanaopangiwa wana wastani wa 250 na ushee. Sehemu kubwa zaidi ilihamia kwenye utafiti.

Angalieni hesabu ya NRMP, chombo kinachowapanga waombaji kwenye programu kwa kompyuta. Mwanafunzi wa shule ya Marekani aliyepangiwa upasuaji wa ubongo alikuwa na wastani wa kazi za utafiti 18 mwaka 2018. Mwaka 2020 zikafika 23. Mwaka 2022 zikawa 25 na nusu. Mwaka 2024 zikaruka hadi 37. Gawanyeni wenyewe: miaka minne ya shule ni wiki 208, kwa hiyo ni kazi moja kila wiki tano na nusu, likizo na mitihani ndani yake. Hakuna mwanafunzi anayegundua kitu kipya cha ubongo kila wiki tano na nusu, akawa bado anahudhuria mihadhara ya figo.

Sasa msishtuke, maana namba hiyo ina siri yake. Fomu ya maombi inahesabu pamoja ikisari, bango, wasilisho la mdomo na makala iliyochapishwa. Chukulia utafiti mmoja: umepitia mafaili ya wagonjwa 80 wa damu iliyojikusanya polepole chini ya utando wa ubongo, ukitafuta nani alirudi kufanyiwa upasuaji mara ya pili. Umeuwasilisha siku ya utafiti ya shule, hiyo moja. Umebandika bango kwenye mkutano wa jimbo, mbili. Umezungumza kwenye mkutano wa kitaifa, tatu. Makala imetoka, nne. Mafaili ni yale yale 80. Tena ni wastani, na wastani huvutwa juu na wachache waliochukua mwaka mmoja au miwili ya utafiti katikati ya shule wakatoka na kazi mia. Mwenye tafiti nane au tisa za kweli, zilizosimamiwa vizuri na kuwasilishwa inavyotakiwa, tayari yumo kwenye kundi hilo bila kujitesa.

Ninaposema utafiti wa kweli ninamaanisha ule unaoweza kuusimulia ukiwa umeamshwa saa nane za usiku. Namna ya kuujenga ni hii. Tafuta swali dogo lenye mwisho, na msimamizi ambaye wanafunzi waliokutangulia walitoka na makala mikononi. Waulize wao, usimuulize yeye. Kabla ya kufungua faili la mgonjwa hata mmoja, chora majedwali yote ya makala yakiwa matupu: jedwali la kwanza umri na jinsia, la pili matokeo, la tatu uhusiano wa hili na lile. Jedwali tupu litakuonyesha kipi ukusanye na kipi uache. Asiyechora hukusanya vitu sitini kwa kila mgonjwa, halafu mwishoni anagundua kile cha sitini na moja ndicho kilichohitajika, anarudi faili la kwanza. Andika maana ya kila neno: "kurudi kwa damu" ni picha ya CT peke yake, au ni dalili, au ni kurudishwa chumba cha upasuaji? Kisha watu wawili wasome mafaili yale yale, kama moja kati ya kumi, na mlinganishe. Mkitofautiana, kosa liko kwenye maelezo yenu, lirekebisheni kabla hamjaenda mbali.

Kinachoua tafiti nyingi za wanafunzi ni kalenda, wala akili haina lawama. Kibali cha kamati ya maadili kinaweza kuchukua miezi. Mtaalamu wa takwimu ana foleni. Rezidenti, yaani daktari aliye kwenye mafunzo ya ubingwa, aliyekuwa akikusaidia amehamia mji mwingine kwa mafunzo ya ziada na hajibu barua pepe. Kwa hiyo kazi unayotaka ionekane kwenye fomu ya Septemba, iwe imeshaandikwa rasimu kufikia Desemba ya mwaka wa tatu. Na ukiandika kwenye fomu, tenganisha sawasawa kilichotumwa, kilichokubaliwa na kilichochapishwa. Wasaili wanafungua PubMed, orodha ya mtandaoni ya makala za kitabibu, ukiwa umekaa mbele yao. Makala iliyoandikwa "imekubaliwa" nayo haijakubaliwa, haipunguzi alama moja. Inafunga faili zima.

Basi, hayo ya makala yametosha, nimeyapa muda mrefu kuliko yanavyostahili. Twende wodini.

Kati ya mwezi wa tano na wa tisa wa mwaka wa mwisho, mwombaji hufanya mizunguko ya wiki nne nne akiwa kama rezidenti mdogo. Kwa kawaida mmoja ni nyumbani, kwenye idara ya shule yake, na miwili ugenini, kwenye programu anazozitamani. Mizunguko hii ni usaili wa siku ishirini na nane. Upande wa pili wanajiuliza swali moja tu: huyu mtu, tunaweza kukaa naye miaka saba, saa tisa za usiku, mgonjwa akiwa anakufa?

Wanaokwenda huko wakidhani watapimwa kwa kujua majina ya mishipa hupata mshangao. Majina yajue, hilo ni la lazima, lakini kila aliyefika hapo anayajua. Kinachoonekana ni vitu vidogo. Nitawapa kimoja nikisogeze karibu.

Mgonjwa ana bomba la kutolea maji ya ubongo, limepita kwenye fuvu hadi kwenye chemba ya ndani. Nje kuna kikusanyio kilichotundikwa kwenye mti wa dripu, na sifuri ya kipimo imelinganishwa na tundu la sikio. Wamekiweka sentimita 10 juu ya sikio, maana yake maji yatatoka pale tu shinikizo la kichwani linapozidi urefu huo. Ubongo hutengeneza maji mililita 20 hivi kwa saa, karibu nusu lita kwa siku. Usiku muuguzi alikuwa akiandika 8, 12, 11, 9. Saa kumi na moja alfajiri unapita na orodha yako, unakuta kichwa cha kitanda kimeinuliwa ili mgonjwa anywe dawa, kikusanyio hakikuguswa, na kwenye chemba ya kupimia kuna mililita 40 za nusu saa. Kichwa kimepanda, kikusanyio kimebaki chini, maji yanajimwaga. Chemba za ubongo zikikauka ghafla, ubongo unajivuta kutoka kwenye fuvu, vimishipa vinavyounganisha huko juu vinaweza kukatika, na damu ikajaa chini ya utando.

Mwanafunzi wa aina ya kwanza hakuona, kwa sababu alikuwa akinakili namba za usiku kutoka kwenye kompyuta bila kuingia chumbani. Wa aina ya pili ameona, akageuza bomba mwenyewe ili asifiwe. Huyo ni hatari kuliko wa kwanza, maana hana mamlaka hayo, na akifunga vibaya shinikizo litapanda. Wa aina ya tatu anamwita muuguzi pale pale, anampigia rezidenti, anasema kwa sentensi mbili: kitanda namba fulani, bomba limetoa 40 kwa nusu saa, kichwa kiliinuliwa bila kusawazishwa, mgonjwa anafumbua macho na kufuata amri lakini amechanganyikiwa, kipimo cha fahamu, GCS, ni 14, jana jioni kilikuwa 15. Rezidenti anakuja. Hakuna anayempigia makofi mwanafunzi yule. Ila wiki tatu baadaye, mkuu wa idara akiuliza mezani "huyu mgeni yukoje?", mtu mmoja atasema, "Anaingia vyumbani." Sifa hiyo ina uzito kuliko kurasa nyingi za makala.

Chumba cha upasuaji kina yake. Ufike kabla ya mgonjwa. Picha ziwe zimefunguliwa kwenye kioo, upande wa kidonda uujue kutoka kwenye picha, kutoka kwenye fomu ya ridhaa na kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, maana kufungua upande usio wake ni kosa lisilosahaulika. Kichwa kikifungwa kwenye kishikio cha misumari mitatu, miwili upande mmoja na mmoja upande wa pili, kwa mtu mzima hukazwa kama ratili 60 hadi 80. Wewe kazi yako ni kushika kichwa kisitikisike na kuhakikisha mkono wa mgonjwa haukulaliwa. Wakati wa kufunga ndipo utapewa sindano. Tabaka gumu chini ya ngozi ya kichwa hushonwa kwa uzi unaoyeyuka, fundo likizikwa chini ili lisichokonoe ngozi. Hilo ndilo tabaka linalobeba nguvu, na kidonda kinachoachia mara nyingi kiliachia hapo kwanza. Jifunze kufunga fundo lile nyumbani, kwa mkono wa kulia na wa kushoto, kwenye mguu wa kiti ikibidi. Rezidenti aliyechoka atakupa mishono mitatu. Ukiivuruga, hatasema neno, atachukua sindano, na siku ya pili hatakupa.

Makosa yanayoangusha watu kwenye mizunguko hii hayana uhusiano na ujuzi. La kwanza na baya kuliko yote ni kuripoti kitu ambacho hukukipima. Umesema mboni za macho ziko sawa, kumbe hukumulika. Rezidenti anayekuja nyuma yako anakuta moja imepanuka. Mzunguko umekwisha siku hiyo hata kama zimebaki wiki tatu. La pili ni kuwafanyia vitimbi wanafunzi wengine mlioko nao: kuficha orodha, kuwahi kujibu swali aliloulizwa mwenzako, kupanda ngazi ya chumba cha upasuaji kwa mbio kumpiku. Watu wazima wanaona, hata wakinyamaza. La tatu ni kuwadharau wauguzi na watu wa mapokezi. Katibu wa programu, yule mama anayekupa kitambulisho siku ya kwanza, anaulizwa maoni kwenye programu nyingi kuliko mnavyofikiri, na wako waliotoka kwenye orodha kwa namna walivyomjibu kwenye simu.

Shule nyingi za udaktari Marekani hazina idara ya upasuaji wa ubongo yenye mafunzo ya ubingwa. Mwanafunzi wa shule kama hiyo hana "nyumbani", hana mkuu wa idara wa kumsemea. Huyo atafute programu ya karibu tangu mwaka wa kwanza na ajipeleke kwenye mikutano yao ya asubuhi, ili ifikapo mwaka wa nne awe na mahali anapofahamika. Akingoja mizunguko ya ugenini ndiyo imjulishe, amechelewa.

Kutoka kwenye mizunguko zinatoka barua. Fani ni ndogo, wakuu wa idara wanakutana kila mwaka na wanafahamiana kwa majina ya utani. Barua zinajazwa kwa fomu yenye vipimo: huyu yuko kwenye sehemu gani ya wanafunzi wote uliowahi kuwaona, ungemchukua kwenye programu yako au la. Chini kuna nafasi ya maneno, na maneno yana lugha yake. "Alikuwa mchangamfu na alihudhuria kila siku" ni barua mbaya. "Ningependa abaki hapa" ni barua. Kwa hiyo usiombe barua, omba barua yenye nguvu, kwa maneno hayo hayo, na msikilize anavyovuta pumzi kabla ya kujibu. Akisita, mshukuru kwa adabu, nenda kwa mwingine. Profesa mwenye jina kubwa aliyekuona mara mbili atakuandikia aya moja. Yule wa kawaida aliyekaa nawe chumba cha upasuaji mara kumi na tano atakuandikia ukurasa. Chagua ukurasa. Kwenye fomu utaulizwa kama unaacha haki ya kuisoma barua. Iache, maana barua ambayo mwombaji anaweza kuisoma haiaminiki.

Maombi yenyewe yanakwenda kupitia ERAS, mfumo wa maombi wa mtandaoni, mwishoni mwa mwezi wa tisa. Kuanzia msimu wa mwaka 2025 ada ni dola 11 kwa kila programu hadi 30, na dola 30 kwa kila moja inayozidi. Anayeomba programu 80 kwa woga analipa 330 za mwanzo na 1,500 za zile 50 za ziada, jumla dola 1,830, kabla hajalipa pango la mwezi wa ugenini wala nauli ya usaili. Fedha nyingi kati ya hizo zinatupwa baharini, kwa sababu ya ishara. Kila mwombaji wa fani hii ana ishara 25 za kusema "ninyi nawataka kweli". Zilianza zikiwa 8, msimu uliofuata zikawa 25. Idara nyingi sasa zinaangalia kwanza waliotuma ishara, na ambaye hakutuma anahitaji sababu nzito ili afunguliwe faili. Panga ishara zako kwa ukweli: chache kwa programu za ndoto, nyingi kwa programu ambazo watu wenye faili kama lako wamewahi kuingia, na usiache idara yako wala ulizozungukia ukidhani wanakujua tu. Kwa zinazobaki nje ya 25, uwe na sababu ya kila moja, iwe ni familia, mji uliokulia au mtafiti uliyefanya naye kazi.

Usaili ni mwezi wa kumi hadi wa kwanza. Sitakaa hapo sana. Kila mstari wa fomu unaweza kuulizwa, pamoja na ule wa "napenda kupika". Wenzenu wanaopangiwa kwa kawaida huwa wamesailiwa vya kutosha kuorodhesha programu kumi na tano au zaidi. Wasiopangiwa huwa na kama nusu ya hapo. Baada ya usaili mtapokea ujumbe mtamu, "tulifurahi sana kukuona, tunakuweka juu". Kanuni za NRMP zinakataza programu kukutaka uiambie utaiweka namba ngapi, na maneno matamu hayana nguvu yoyote ya mkataba. Yapokee kama salamu.

Halafu inakuja orodha ya mapendeleo, mahali ambapo watu wenye akili nyingi hujikwaa kwa kujifanya wajanja. Mtoto wa kidato cha nne anayesubiri kupangiwa shule huambiwa "usijaze shule kubwa, utakosa zote". Kwenye upangaji wa NRMP ushauri huo ni sumu. Mfumo ulianza mwaka 1952, na kanuni yake ikaundwa upya na mwanauchumi Alvin Roth na mwenzake na kuanza kutumika mwaka 1998. Roth alishiriki Nobeli ya uchumi mwaka 2012 na Lloyd Shapley, ambaye nadharia yake ya mwaka 1962 ndiyo mzizi wa yote. Kanuni inaanza upande wa mwombaji. Tazameni.

Kuna programu mbili, Kaskazini na Kusini, kila moja ina nafasi moja. Waombaji ni watatu: Alifu, Be na Te. Alifu ameandika Kaskazini kwanza, Kusini pili. Be ameandika Kusini peke yake, kwa sababu alitumiwa ujumbe mtamu. Te ameandika Kaskazini, kisha Kusini. Kaskazini inamtaka Be, kisha Te, kisha Alifu. Kusini inamtaka Alifu, kisha Be, kisha Te. Kompyuta inaanza na Alifu: anabisha Kaskazini, hakuna mtu, anashikiliwa kwa muda. Be anabisha Kusini, anashikiliwa kwa muda. Te anabisha Kaskazini. Wanampenda kuliko Alifu, Alifu anatolewa. Alifu anashuka kwenye orodha yake, anabisha Kusini. Kusini wanaye Be, lakini wanampenda Alifu zaidi, basi Be anatolewa. Be anafungua orodha yake kutafuta jina la pili. Hakuna. Te yuko Kaskazini, Alifu Kusini, Be nje.

Alifu alijaribu ndoto yake kwanza, akakosa, na Kusini hawakumwadhibu kwa kuwaweka wa pili. Wao hawajui hata kama aliwaweka wa pili. Be hakuponzwa na udhaifu, aliponzwa na ufupi wa orodha. Andikeni kwa mpangilio wa mnavyotaka, tangu wa kwanza hadi wa mwisho mnayeweza kuishi naye. Na asiyeweza kuishi naye asiandikwe kabisa, maana ukipangiwa umefungwa kwa mkataba.

Sasa nyinyi mnaotoka vyuo vya nje ya Marekani. Nafasi zinazoangukia wahitimu wa nje katika fani hii ni chache, kama moja katika kumi au pungufu, na wengi wao waliofaulu walikaa kwanza mwaka mmoja au zaidi kama watafiti kwenye idara ya Marekani, wakiandika makala na kuonekana, mara nyingi kwa mshahara mdogo au bila mshahara. Cheti cha ECFMG, chombo kinachowathibitisha madaktari waliosoma nje ya Marekani, kinahitaji Step 1, Step 2 CK na mtihani wa Kiingereza cha kitabibu wa OET, na chuo chako kiwe kwenye orodha inayotambuliwa. Ukishindwa Step 1 mara moja tu, doa hilo halifutiki, kwa hiyo usiifanye kwa kujaribu bahati.

Kuna jambo la viza ambalo wengi hulijua wakiwa tayari wamechelewa. Njia ya kawaida ni J-1 ya madaktari, na ECFMG ndiyo inayodhamini. Inahitaji barua kutoka Wizara ya Afya ya nchi yako inayosema nchi ina haja ya bingwa wa fani hiyo na kwamba umeahidi kurudi. Barua inataja fani kwa jina, ina maneno maalumu yaliyoamriwa, na wizara ikibadilisha maneno inarudishwa. Anzeni kuifuatilia wiki ile ile mnapopangiwa. Pili, J-1 hiyo ina ukomo wa kawaida wa miaka 7, na mafunzo ya upasuaji wa ubongo ni miaka 7, kwa hiyo mwaka wa ziada wa kubobea kwenye mishipa ya damu au uti wa mgongo hauingii bila kibali cha pekee. Tatu, ukimaliza unadaiwa miaka miwili nyumbani, isipokuwa ukipata msamaha, kwa mfano wa kufanya kazi kwenye eneo la Marekani lenye upungufu wa madaktari.

Kwa hiyo, kabla ya kukopa fedha za kwenda kutafiti bure Boston, linganisha na njia ya hapa Afrika Mashariki. Muhimbili kupitia taasisi ya MOI na chuo kikuu cha MUHAS, Chuo Kikuu cha Nairobi, na chuo cha madaktari wapasuaji cha COSECSA wote wanafundisha wapasuaji wa ubongo. Huku kinachogombaniwa ni ufadhili na nafasi kwa msimamizi, alama za mtihani hazina makali yale. Na wagonjwa wapo: watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi, majeruhi wa bodaboda. Pale Mbale, Uganda, mpasuaji wa ubongo Benjamin Warf aliunganisha utobozi wa sakafu ya chemba ya ubongo kwa kamera na uchomaji wa tishu inayotengeneza maji, ili mtoto asitegemee mrija wa kutolea maji hayo maisha yake yote, na mbinu ile imesafiri kutoka Mbale kwenda hospitali za Marekani.

La mwisho ni kwa atakayekosa, na kwenye chumba hiki yumo. Jibu linatoka Jumatatu ya wiki ya tatu ya Machi: umepangiwa au hukupangiwa, mahali ni Ijumaa. Ukikosa, siku zile nne kuna zoezi la kujaza nafasi zilizobaki, lakini za upasuaji wa ubongo huwa hakuna au ni moja. Kinachopatikana ni mwaka mmoja wa awali wa upasuaji wa jumla. Jumatatu hiyo hiyo, kabla ya kumpigia mama, mpigie mkuu wa idara yako, umwombe aseme ukweli: faili lilikuwa na tatizo gani, barua, alama au orodha fupi? Kama ni alama, hairekebishiki. Kama ni orodha fupi, mwaka wa utafiti kwenye idara ambayo ina nafasi mwakani una maana. Kama ni barua, unahitaji watu wapya wa kukuona ukifanya kazi, na mwaka wa awali wa upasuaji wa jumla ndani ya hospitali yenye programu ya ubongo unakupa hao. Akisema "wewe omba tena tu" bila kutaja tatizo, muulize mara ya pili. Akirudia jibu lile lile, kapige simu kwa wale wawili waliokuandikia barua, mmoja mmoja, kabla Jumatatu haijaisha.